Ushahidi wa Mwanga Mwekundu

Muda wa saa tatu hivi kabla ya kulazwa kwa dawa ya usingizi, mgonjwa mwenye uvimbe mkali wa ubongo hunyweshwa dawa iliyoyeyushwa katika maji, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake. Dawa hiyo huitwa 5-ALA, na si kitu kigeni mwilini: ni malighafi ambayo seli zetu hujitengenezea kila siku ili kuunda hemu, ile sehemu yenye chuma inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake. Malighafi hiyo ikiingia kwa wingi, seli huichakata hatua kwa hatua mpaka kufikia protopofirini, kitu ambacho kimebakiza kutiwa chuma tu ili kiwe hemu. Seli za saratani hurundika protopofirini hiyo kuliko ubongo mzima unaozizunguka, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni kwamba kimeng'enya cha kutia chuma ndani yake hufanya kazi kwa udhaifu. Fuvu likishafunguliwa, daktari mpasuaji huzima mwanga mweupe wa hadubini na kuwasha mwanga wa buluu ya zambarau, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 400 hivi. Ubongo wote huonekana wa buluu, ila mahali palipojaa protopofirini hurudisha wekundu wa nanomita 635 hivi. Hapo husemwa kwamba uvimbe umeonekana. Nataka kuuliza kama kauli hiyo ni kweli, na kama si kweli kamili, binadamu anapata wapi haki ya kukata ubongo wa mwenzake kwa kuitegemea.

Swali lina uzito kwa sababu ya tabia ya ugonjwa wenyewe. Glioblastoma, ambayo huwapata watu wazima zaidi ya saratani nyingine yoyote inayoanzia ndani ya ubongo, haina ganda wala ukingo. Ina kiini kinachoonekana, kisha seli zake hutambaa kandokando ya nyuzi za neva na mishipa ya damu, zikipungua idadi kadiri zinavyosonga, lakini zikifika mbali. Mwaka 1928 Walter Dandy wa Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore alichapisha taarifa za wagonjwa ambao aliwatoa nusu nzima ya ubongo, upande wa kulia, kwa kuwa tayari walikuwa wamepooza upande mmoja na uvimbe haukuacha njia nyingine. Upasuaji wa namna hiyo, mkubwa kuliko wowote anaoweza kuuwaza mtu, haukuung'oa ugonjwa. Hata katika enzi yetu mambo hayajageuka sana: jaribio lililotolewa mwaka 2005, lililoongeza dawa ya temozolomidi juu ya mionzi, lilionyesha kwamba nusu ya wagonjwa waliopata tiba zote mbili walikuwa wamefariki ifikapo miezi 14.6, na waliopata mionzi pekee miezi 12.1. Chini ya mwanga mweupe, ukingo wa saratani hii na ubongo uliovimba tu hufanana machoni na hata mkononi. Daktari hajui aishie wapi. Kosa la upande mmoja huacha saratani. Kosa la upande wa pili huondoa uwezo wa kusema, au wa kuinua mkono, au wa kumtambua mke.

Kutafuta mwanga mwingine, basi, kulikuwa wajibu. Mwaka 1852 George Stokes wa Cambridge alikwisha kueleza jinsi baadhi ya vitu vinavyopokea mwanga wa rangi moja na kuurudisha kwa rangi nyingine. Mwaka 1871 mkemia Mjerumani Adolf von Baeyer alitengeneza fluoresini, rangi ya manjano inayong'aa kijani, na mwaka 1948 George Moore na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota wakachapisha matumizi yake ya kutafuta uvimbe wa ubongo. Nusu karne baadaye, mjini Munich, Walter Stummer na wenzake wakaonyesha kwamba 5-ALA inaweza kumwongoza mpasuaji ndani ya uvimbe mkali. Inafaa kuangalia kwa makini ni nini hasa kila moja ya dawa hizi huonyesha. Fluoresini husafiri katika damu na kuvuja mahali ambapo kizuizi kati ya damu na ubongo kimebomoka. Inachoangaza ni uvujaji. 5-ALA huhitaji seli hai iichakate; inachoangaza ni mrundikano wa zao la kati katika kazi ya kuunda hemu. Saratani yenyewe, yaani mabadiliko ya jeni yanayoifanya seli igawanyike bila kikomo na kuvamia isikoalikwa, haina rangi yoyote. Hakuna jicho lililowahi kuiona ikiwaka. Kilichowaka siku zote ni jambo jingine linalofuatana nayo mara nyingi.

Mara nyingi, si daima, na hapa ndipo utafiti wa miaka thelathini hivi unapotufundisha. Wekundu mkali ukionekana, tishu ikachukuliwa na kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, karibu kila mara saratani hukutwa humo, na hilo limethibitishwa na vituo vingi. Mambo hubadilika kwenye ukingo. Wekundu hufifia na kuwa waridi hafifu, kisha hupotea, ilhali seli za saratani bado zipo. Tishu isiyong'aa ikipimwa, mara kwa mara hukutwa na ugonjwa. Uvimbe wa daraja la chini, ule unaokua polepole kwa vijana wengi, kwa kawaida hauwaki kabisa kwa kiasi cha kuonwa na jicho, ingawa watafiti wa Vienna wameonyesha kwamba kisehemu chake kinachoanza kugeuka kikali kinaweza kuwaka peke yake. Kwa upande wa pili, tishu iliyochomwa na mionzi, tishu yenye uvimbe wa maambukizi au yenye ugonjwa wa kinga zimewahi kung'aa pasipo saratani. Damu kidogo ikifunika, wekundu hupotea. Hadubini ikiinama kwa pembe mbaya, hupungua. Na kuna jambo linalostahili kutafakariwa kuliko yote: mwanga ule ule wa buluu unaoichochea protopofirini huiharibu, hivyo kadiri daktari anavyotazama ndivyo anachokitazama kinavyochakaa. Kutazama kwake si tendo lisilogusa kitu.

Kwa hiyo nadai hivi. Mwanga mwekundu ni shahidi. Anasema alichokiona yeye, kwa lugha yake, akiwa amesimama mahali alipowekwa. Ana ukweli mwingi na ana upofu wake. Anayemfanya shahidi kuwa hakimu anakosea mara mbili: anamtwisha shahidi mzigo asioweza kuubeba, na anajivua mwenyewe mzigo ambao hakuna mwingine wa kumpokea. Hukumu ya kukata ni ya binadamu, na hubaki yake hata pale mwanga unapokuwa mkali kabisa.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa mwanafalsafa. Atasema kwamba kila kuona ni kuona ishara. Hatuuoni mti; tunaona mwanga uliotoka kwenye mti. Kwa nini basi tuuonee wasiwasi wekundu wa protopofirini, na tusiuonee wasiwasi ukijani wa jani? Jambo hili ni la kale, na aliyelifanyia kazi kwa kina kuliko wengi ni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Cairo mwanzoni mwa karne ya 11. Katika Kitab al-Manazir alionyesha kwamba jicho halitoi miali bali hupokea mwanga, na zaidi ya hapo akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kile tunachoita kuona ni uamuzi wa akili unaopita upesi mno hata mwenyewe asiutambue. Umbali, ukubwa, kufanana, vyote huamuliwa. Nakubali yote hayo, na ndiyo sababu hasa ya kuwa mwangalifu. Uamuzi unaohusu jani umesahihishwa tangu utotoni: tumelishika, tumelizunguka, tumeliona asubuhi na jioni. Uamuzi unaohusu wekundu ubongoni hauna malezi ya namna hiyo. Anayeweza kuusahihisha ni mtaalamu wa patholojia, naye hawezi kufanya hivyo mpaka kipande kikatwe. Masahihisho huja baada ya tendo, na tendo halirudishiki. Tofauti kati ya jani na uvimbe haiko katika asili ya kuona; iko katika nafasi ya kujirekebisha. Mwanafalsafa anayefuta tofauti hiyo kwa kusema vyote ni ishara amesema kweli isiyomsaidia mtu aliyeshika kifaa mkononi.

Pingamizi la pili ni la daktari, nalo ni zito zaidi. Atasema: acha nadharia, jambo hili limejaribiwa na limefaulu. Naam, limejaribiwa, na vizuri kuliko mambo mengi ya upasuaji. Mwaka 2006 matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 322 katika vituo 17 vya Ujerumani yalitolewa. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapasuliwa kwa msaada wa 5-ALA na nusu kwa mwanga mweupe pekee. Katika uchambuzi wa kati, asilimia 65 ya kundi la kwanza walikuwa wameondolewa uvimbe wote uliokuwa ukionekana kwenye picha, dhidi ya asilimia 36 ya kundi la pili. Miezi sita baadaye, asilimia 41 ya kundi la kwanza walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya asilimia 21.1. Tofauti hii ni kubwa na ya heshima, na asiyeifurahia hajui miezi sita ina thamani gani kwa mtu aliyeambiwa siku zake zinahesabika. Ulaya iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2007.

Lakini tuyasome matokeo hayo kama yalivyo. Urefu wa maisha kwa jumla haukutofautiana kwa uhakika kati ya makundi mawili. Na lile neno kuondolewa wote lina maana yake maalumu: lilimaanisha kwamba picha ya MRI iliyopigwa ndani ya siku tatu baada ya upasuaji haikuonyesha tena sehemu inayonyonya gadolini, dawa inayodungwa ili kung'arisha picha. Gadolini nayo huvuja palipobomoka kizuizi cha damu. Yaani shahidi mmoja alithibitishwa kwa kumwita shahidi wa pili, ambaye naye haioni saratani yenyewe. Wapasuaji walijua nani amepewa dawa na nani hakupewa, na haingewezekana wasijue, maana mwanga wanauona. Baada ya hapo, uchambuzi wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wagonjwa ambao hawakubakiwa na uvimbe pichani waliishi miezi 16.7 kwa makadirio ya kati, na waliobakiwa nao miezi 11.8. Hili linatia moyo, ila ulinganifu huu haukuwa wa bahati nasibu. Uvimbe unaotolewa wote kwa urahisi huwa mara nyingi mahali pazuri, kwa mtu mwenye nguvu zaidi. Watafiti wenyewe walilijua hilo na wakajitahidi kulirekebisha kwa hesabu. Sisemi haya ili kuwashusha. Nasema kwa sababu uaminifu wao ndio unaoniwezesha kutoa hoja yangu: waliripoti mpaka wa walichokijua, na mpaka huo ni sehemu ya matokeo, si aibu ya matokeo. Marekani ilipoidhinisha dawa hiyo mwaka 2017, iliiidhinisha kama kisaidizi cha kuonyesha tishu yenye ugonjwa wakati wa upasuaji. Haikuidhinishwa kama kitu kinachorefusha maisha. Katika kauli hiyo kavu ya kiofisi naona busara kubwa: shahidi amepewa kiti cha shahidi.

Pingamizi la tatu ndilo linalovuma zaidi siku hizi. Litasema kwamba upofu ninaoutaja ni wa jicho la binadamu tu, na utaondoka pindi jicho litakapowekwa kando. Watafiti wa Dartmouth, jimbo la New Hampshire, walitengeneza kifaa kama kalamu kinachogusa tishu na kupima kiasi cha protopofirini badala ya kutegemea macho, na wakakuta kwamba mahali ambapo mpasuaji haoni wekundu wowote panaweza kuwa na protopofirini ya kutosha kuashiria saratani. Katika maabara za Taasisi ya Barrow mjini Phoenix, Arizona, watafiti wamechunguza kijihadubini cha leza kinachoingizwa ndani ya jeraha ili kuona seli moja moja zilizotiwa fluoresini, bila kusubiri kipande kipelekwe maabara. Na kwa kuwa picha zake huwa maelfu na nyingi hazifai, wamefundisha programu za kompyuta kuchagua zinazofaa. Hii ni kazi nzuri na ninaitakia heri. Ila tuangalie inapoishia. Nambari haijiamulii. Kifaa kikisema kiasi ni hiki, lazima mtu awe amekwisha kupanga kwamba juu ya kiwango fulani tutaita saratani na chini yake tutaita ubongo mzima. Ukikishusha kiwango hicho, utakamata saratani zaidi na utakata ubongo mzima zaidi. Ukikipandisha, kinyume chake. Hakuna hesabu inayosema ni kosa lipi kati ya hayo mawili ni afadhali, kwa sababu hilo si swali la hesabu. Ni swali la nini kinapotea na ni cha nani. Kiwango kinachofaa ncha ya mbele ya upande wa kulia hakifai sentimita chache kutoka eneo la lugha. Na programu iliyofundishwa kuchagua picha ilifundishwa na binadamu walioziwekea alama, wakitumia macho yao na mashaka yao. Hukumu haikuondoka. Ilihamia nyuma, mahali ambapo ni vigumu zaidi kuiona na kuihoji, na kwangu hilo ni jambo la kuogopwa kuliko wekundu uliofifia.

Sasa turudi kwenye haki. Ikiwa mwanga hautoi yakini, mtu anaruhusiwa vipi kutenda? Wanaodhani dini zinadai yakini kabla ya kila tendo hawajazisoma. Mafakihi wa Kiislamu walitenganisha zamani yakini na dhana, na wakaitenganisha dhana dhaifu na dhana yenye nguvu. Na katika mambo mengi ya matendo wakaikubali hiyo ya pili kuwa msingi tosha, mradi mtu awe amejitahidi kutafuta. Asiyejua kibla kiko upande gani hasamehewi swala. Anatakiwa azitafute dalili kwa juhudi, kisha aelekee. Kadhi huhukumu kwa kilichodhihiri, na yaliyofichika ni ya Mungu. Upande wa Wakristo, Thomas wa Akwino, akijadili katika karne ya 13 kama ushahidi wa watu wawili au watatu unatosha, alieleza kwamba katika mambo ya matendo ya wanadamu haiwezekani kupata uhakika wa aina ile ya jiometria, na kwamba uhakika wa kadiri, unaofikia ukweli mara nyingi hata kama mara chache hukosa, unatosha. Mapokeo haya mawili, yaliyobishana kwa mengi, yanakutana hapa. Yanamruhusu binadamu kutenda gizani nusu, na yanamtoza gharama: awe amejitahidi, asitegemee shahidi mmoja panapowezekana kupata wa pili, na akumbuke kwamba alichonacho ni dhana, hata kama ni yenye nguvu.

Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, alipoieleza safari yake ya mashaka, alitaja kwamba jicho huiona nyota kuwa ndogo kama sarafu, na hoja za jiometria zikathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Alitaka kuonyesha kwamba hisi ina hakimu juu yake, nayo ni akili, kisha akajiuliza kama akili nayo haina hakimu. Kwa mpasuaji, swali hilo la mwisho lina jibu moja la kutisha kidogo. Juu ya akili yake katika chumba kile, kwa saa zile, yumo mtu aliyelala mezani.

Nasema hivi kwa sababu ya ukweli ambao mjadala wa mwanga huusahau kwa urahisi. Ubongo uliovamiwa na saratani si lazima uwe umekufa. Uchunguzi wa wagonjwa wanaopasuliwa wakiwa macho, wakitajishwa majina ya picha na kuhesabishwa wakati daktari anagusa ubongo kwa umeme hafifu, umeonyesha kwamba tishu yenye seli za ugonjwa inaweza kuendelea kufanya kazi: mtu anasema kwa kutumia sehemu ambayo tayari ina ugonjwa. Mwanga ukiiangaza, utakuwa umesema kweli tupu kwamba hapa pana saratani. Umeme ukiigusa na mgonjwa akakwama katikati ya neno, nao utakuwa umesema kweli tupu kwamba hapa pana lugha yake. Mashahidi wawili wamesema, wala hawapingani. Kilichogawanyika ni kile ambacho tulidhani ni swali moja. Kujua kama hiki ni saratani ni jambo moja. Kujua kama hiki kinaruhusiwa kuondolewa ni jingine. Tuseme watafiti wapate mwanga usiokosea kamwe, unaowasha kila seli ya saratani na kuiacha gizani kila seli nzima. Bado ungejibu la kwanza tu. Ungeweza hata kuongeza hatari, maana mwanga kamilifu ungefuatwa kwa imani kamilifu, na nyayo za seli hizo zingempeleka mpasuaji hadi kwenye vile vitu vinavyomfanya mgonjwa awe fulani na si mwingine. Hata kwa mwanga tulio nao leo dalili zilijitokeza: katika data za jaribio lile la Ujerumani, kundi la 5-ALA lilikuwa na madhara zaidi ya neva katika siku za kwanza baada ya upasuaji, hasa kwa wagonjwa waliokuwa na upungufu tangu mwanzo, kabla ya tofauti hiyo kusawazika baadaye. Wekundu huvuta mkono.

Wapo waumini watakaosema kwamba kama ukingo wa saratani umefichwa, Mwenyezi Mungu ndiye aliyeuficha, na kuulazimisha ujitokeze ni kuvuka mpaka wa mja. Naiheshimu hofu iliyomo katika kauli hiyo, lakini nadhani imeelekezwa mahali pasipo pake. Njia inayotumika hapa haikubuniwa na mtu. Protopofirini ilikuwa ikitengenezwa katika viumbe kabla hajazaliwa daktari wa kwanza, na uwezo wake wa kupokea buluu na kurudisha wekundu haukuanzia Munich. Watafiti walisoma kilichokuwa kimeandikwa tayari katika maumbile. Mafundisho ya kwamba tutafute tiba yamo katika Uislamu na Ukristo pia, na kutafuta tiba ya ugonjwa usioonekana vizuri ni kutafuta namna ya kuuona. Mpaka unaoweza kuvukwa hauko kati ya kilichofichwa na kilichofunuliwa. Upo katika lile tendo la kusema kilichofunuliwa kimekwisha kuamua, kana kwamba hakuna mja aliyeamua na atakayeulizwa.

Linabaki pingamizi la mwisho, linalotoka kwa mgonjwa na ndugu zake, nalo ndilo gumu kwangu kulijibu bila moyo kulegea. Wanasema: toeni yote. Hawataki kusikia habari za dhana na yakini. Wameambiwa kuna mwanga unaoonyesha saratani, basi ufuatwe mpaka mwisho. Mtu yeyote aliyekaa karibu na kifo angesema hivyo. Lakini tangu siku za Dandy tunajua kwamba hakuna yote ya kutoa, na anayeahidi kuitoa anaahidi asichonacho. Anachoweza kuahidi mpasuaji ni kwamba atauhoji kila wekundu, ataita shahidi wa pili, na ataacha kwa makusudi kile ambacho kukiondoa kungemwondoa mtu mwenyewe. Jinsi ya kupima miezi dhidi ya maneno, au mkono dhidi ya miezi, si jambo la mpasuaji kuliamua peke yake chini ya hadubini, mgonjwa akiwa amelala. Mwalimu anaweza kuchagua lugha na kukubali miezi michache pungufu. Mama mwenye mtoto mchanga anaweza kuchagua kinyume. Mazungumzo hayo yanatakiwa yafanyike mgonjwa akiwa na akili yake timamu na ulimi wake mzima, kabla hajakinywea kile kikombe cha 5-ALA, na yaandikwe, ili wekundu utakapotokea mpasuaji ajue anautazama kwa niaba ya nani na kwa masharti gani. Na maabara zinazouchunguza mwanga huu zingefanya jema kama, pamoja na kuripoti asilimia ya uvimbe ulioondolewa, zingeripoti pia ni wekundu kiasi gani ulioachwa ukiwaka, na uliachwa kwa sababu gani.